Pamba Isiyochafuka

Kila siku saa mbili asubuhi, nyuma ya duka la pembejeo pale Sirari, Klementina alichovya pamba kwenye thina ya kuyeyushia rangi na kuanza kufuta tarehe kwenye pakiti za mbegu za mahindi zilizopitwa na wakati. Wino ule ni mbishi. Ukishakauka kwenye plastiki, maji na sabuni haviuwezi, dawa yake ni thina tu. Akishafuta, mashine ndogo ya mkononi ilipiga tarehe ya mwakani, nyeusi tii, na pakiti ikarudi rafuni. Namba ya pakiti iliachwa ilivyo, maana hakuna mkulima anayeisoma.

Pamba haikuchafuka. Tarehe iliyofutwa ilihamia mkononi mwa Klementina, kitone kwa kitone, pamoja na namba ya pakiti yake, na haikutoka hata kwa jiwe la kusugulia miguu. Tajiri wake, Nashoni, alimnunulia shati la mikono mirefu. Alisema wateja wanakuja kununua, si kusoma.

Vuli ilipokaribia, Klementina hakutulia. Alikunja shati, akalikunjua, akatoka kutazama mawingu upande wa Machochwe, kijijini kwao, akarudi ndani. Mama yake, Wegesa, alishapiga simu mara tatu: ya nini kununua mbegu kwa watu baki naye ana mtoto dukani? Jumamosi Klementina akampelekea pakiti. Aliichagua kwa makini, ile yenye wino unaong'aa na tarehe ya mbali kuliko zote. Kwa haraka zake alisahau kuwa mle dukani wino unaong'aa ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

Wiki mbili baadaye alirudi Machochwe, akatoa shikamoo, akaitikiwa bila kutazamwa. Mahindi ya jirani yalishafika kwenye kifundo cha mguu. Shamba la mama lilikuwa udongo mtupu. Pembeni, juu ya kijiti, pakiti ilikuwa imechomekwa, kama wafanyavyo huko kuonyesha mbegu iliyopandwa. Wegesa aliichomoa, akamkunjia binti yake mkono wa shati, akalinganisha namba taratibu mpaka chini ya kiwiko.

"Ni hii," alisema.

Klementina aliona aibu, akatamani ardhi impasukie. "Nilikuchagulia yenye tarehe nzuri, mama."

"Na hiyo nzuri aliiandika nani?"

Majirani wengine ambao mbegu zao hazikuota nao wakaja na pakiti zao, wakapanga foleni, wakaugeuza mkono wake kama mtu anayegeuza hindi motoni. Hakuna aliyeuliza namba zilifikaje pale. Waliuliza kama mkono wa pili nao unazo.

Wakati wa kumsindikiza, Wegesa alisema mvua bado ipo. "Niletee nyingine. Safari hii jisome kwanza."

Jumatatu Klementina alimweleza Nashoni yote, akamwomba pakiti ambayo haijaguswa. Nashoni alimpa pole ya dhati, akasema achague tu, si zote mbaya. Kisha akauliza namba zimefika wapi.

"Mabegani."

"Basi mgongo bado una nafasi," Nashoni alisema, akafungua dumu jipya la thina.

Asipofuta yeye atafuta mwingine, na mama atakosa hata hiyo pakiti moja. Klementina akachovya pamba. Siku nzima mgongo ulimtekenya, kitone kwa kitone.

Jioni alichukua pakiti ya mama, akakunja shati, akausoma mkono wa kulia wote, kisha wa kushoto. Namba yake haikuwemo. Akaitia mkobani.