Mtaa wa Wahunzi Hauna Nyundo

Saa nne na dakika mbili asubuhi ramani mpya ya jiji ilikuwa mezani, imeshapata sahihi tatu kati ya nne. Ya nne ilikuwa yake, msahihishaji, miaka ishirini na sita ofisini humu, na Bosi amesimama ng'ambo ya meza anasema, mama, tia sahihi tu hapo, gari la wapiga chapa liko chini linanguruma, naye kidole kimemgota pale pale, kwenye mitaa miwili iliyolala sambamba nyuma ya stesheni, Wahunzi na Washonaji, kila mmoja umeandikwa mahali ambapo daftari la ofisi linasema upo... na daftari ndilo peke yake linalosema hivyo, maana kila mtoto wa jiji hili anajua kwamba vyuma vinagongwa Mtaa wa Washonaji na vyerehani vinalia Mtaa wa Wahunzi, mgeni akishangaa anachekwa kwanza, kisha anapewa kisa, kwamba zamani mtawala mmoja alichoshwa na ugomvi wao akaamuru wahame, huyu akae kwa huyu mpaka washike adabu, waongoza watalii wanakisimulia, mwalimu wa darasa la tatu anakitungia maswali, wahunzi watakuonyesha hata jiwe alilokalia, na mtawala hakuwepo, aliyekuwepo ni baba yake msahihishaji, ngazi, na vibao viwili vya bati... "Au umeona kosa?" Bosi anauliza, na mchoraji wa ramani anadakia kutoka dirishani, "Dada mkubwa haoni kosa, analinusa," wanacheka, naye anacheka kidogo apate muda, baba alikuwa fundi vibao wa manispaa, akapewa mchoro wenye kusini juu, ndivyo ofisi ilivyochora kila kitu enzi hizo kwa sababu mkuu wa kwanza alitaka mitaa ikae kama alivyoiona kutoka kwenye kiti chake, na kila fundi alijua, unaigeuza karatasi kabla hujapanda ngazi, siku ile baba hakuigeuza, basi, ni hilo tu, wiki mbili baadaye akarudi peke yake avibadilishe kimyakimya, wake wa wahunzi wakammwagia beseni la maji ya vyombo, barua zimeanza kutufika, walisema, tumeshachonga na mihuri, shuka huko juu, akarudi nyumbani amelowa chapachapa, na kesho yake akaenda kunyoa, akamtungia kinyozi kisa cha mtawala, na ukimwambia kinyozi umeliambia jiji... leo asubuhi alimwambia, baba, ramani inatoka leo, mzee akakoroga chai weee, miaka themanini na tatu, juu ya kichwa chake cheti kwenye fremu, miaka thelathini na moja ya utumishi bila kosa, akasema, kisa kizuri hakijamdhuru mtu, mwanangu, naye binti akanyamaza, na hapo ndipo alipokosea, kunyamaza, kwa sababu kimedhuru, wiki sita zilizopita dereva mgeni wa gari la wagonjwa alipewa nakala ya majaribio ya ramani hii hii, mke wa mshonaji ameshikwa na uchungu, Mtaa wa Wahunzi, nyumba namba kumi na nne, dereva akafuata karatasi, akafika, akasikia nyundo, akaridhika kabisa kwamba yuko Mtaa wa Wahunzi, namba kumi na nne ikawa ghala la mkaa lenye kufuli, zikapotea dakika ishirini na mbili, mama kajifungua juu ya meza ya kukatia nguo, mtoto mzima, mtaa mzima unamtania Futikamba, na wa pili je, na mzee mwenye moyo je, hao nao watataniwa?... "Mama, dereva wa wapiga chapa anapiga honi," "Namsikia, bosi, sijaziba masikio," na fomu ya masahihisho ina safu ya tano, jina la aliyesababisha kosa, ukiandika halijulikani inarudishwa na daftari linashinda, ameshaona zikirudi, kwa hiyo ni jina, na jina hilo ndilo analolibeba yeye baada ya lake, watalisoma hapa, mchoraji atalipeleka kantini kabla chai haijapoa, cheti kitaonekana cha uongo... na je, si cha uongo?... hapana, mzee alikosea mara moja akapanda ngazi kurekebisha, waliokataa ni wenye mitaa, walichagua, na jiji likikaa na jina miaka hamsini jina ni lao, si la daftari, yeye alikuwa anamlinda nani basi, baba, au raha ya kuwa wawili tu wanaojua... atakwenda mwenyewe mchana kumwambia mzee, asimsubirishe asikie kwa kinyozi, atanuna, anune, akinuna siku nne ya tano ataomba chakula, anamjua, na baada yake hapa mezani hakuna mwingine wa kuikagua karatasi hii, ikitoka mkononi mwake imetoka. "Kuna nini lakini?" Bosi anauliza, bado amesimama, honi bado inalia, na kifua cha msahihishaji kimetulia kama mtu aliyekwisha kula kiapo.

Saa nne na dakika saba alimwomba mchoraji amletee fomu ya masahihisho, nakala tatu.