Mlango Ambao Padre Hakuuona

Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi wa kufunga milango Songea, na miaka yote hiyo nimesitiriwa na ile mbao nyembamba inayozunguka fremu. Fremu ikipinda, mbao inaficha. Lipu ikimeguka pembeni, mbao inaficha. Imenisitiri mimi, imemsitiri na Daimu fundi lipu, mtani wangu Myao wa Tunduru.

Basi Mwalimu Getruda, mstaafu wa hapa Mfaranyaki, akaenda Dodoma kwa binti yake, akarudi na picha kwenye simu.

"Osmund, mlango wa chumba changu nautaka hivi. Hakuna mbao pembeni. Mlango na ukuta viwe kitu kimoja. Mwisho wa mwezi padre anakuja kubariki nyumba."

"Itawezekana, mwalimu," nikajibu. Alinifundisha darasa la nne, na mpaka leo sijawahi kumwambia siwezi.

Nilipomweleza Daimu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mngoni kufunga mlango bila mbao? Padre ataona nyufa, atasema nyumba hii si ya kubariki, ni ya kuzika."

"Nyufa za nani, kama si za lipu ya Myao?"

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Ufa mmoja tu siku ile, na jina langu lingekuwa kicheko cha kila kijiwe Mfaranyaki.

Siku zote mimi huja lipu ikishakauka, yeye akiwa ameshaondoka, na kila mmoja humtupia mwenzake lawama. Safari hii ilibidi tufanye kazi pamoja. Nikasimamisha fremu wima kwa timazi, yeye akashika upande wa pili. Tukafunika maungio ya fremu na ukuta kwa wavu wa waya, akapiga lipu hadi usawa wa fremu. Mara tatu nilimwambia abandue. Mara mbili yeye alinifanya ning'oe fremu. Ilipokauka vizuri tukapaka mlango na ukuta rangi moja.

Siku ikafika. Padre Pankrasi akazunguka na maji ya baraka: jikoni, chumba cha wageni, hadi stoo. Wengine walisali, mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta ufa. Sikuuona. Padre akapita koridoni, akarudi sebuleni, akafunga kitabu chake.

"Haya, mwalimu," akasema, "na wewe unalala wapi?"

Watu wakacheka. Mimi machozi yalinilenga kwa furaha. Daimu akanishika bega.

Mwalimu akausukuma ukuta, ukafunguka, padre akaingia kubariki. Alipotoka, mwalimu akaniita.

"Osmund, lete msumari. Nipigie katikati ya mlango nitundike rozari. Siku nyingine padre asinipite."

"Itawezekana, mwalimu," nikasema, roho ikiniuma.

Nikachukua nyundo. Daimu akanishikia msumari, akageuza uso asione.

"Piga, mtani," akasema. "Ila lipu yangu usiitikise."