Stoo ya Mzee Ikitokea

Siku ya kumhamisha mzee ilipofika, nyumba yenyewe haikuwasumbua. Kitanda, kabati, viti vinne na redio viliingia kwenye lori la Kaka, mwanawe wa kiume, kabla chai ya asubuhi haijapoa. Kilichowatoa jasho ni stoo.

Ilikuwa nyuma ya jiko, chumba chenye kidirisha kimoja cha nondo, na hakuna mtu mtaani ambaye hakuwahi kuisikia. Mwenyewe alikuwa fundi mitambo mstaafu wa kituo cha umeme, mtu mrefu, mkimya, magoti yamekwisha. Jina lake alilopewa na wazazi watu walikwisha kulisahau. Walimwita Mzee Ikitokea, kwa sababu kila alichokifanya alikianza na neno hilo. Ikitokea maji yakakatika mwaka mzima. Ikitokea malori yasije tena. Ikitokea hospitali zikafunga milango na simu zisiite popote. Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye alihifadhi chumvi.

Binti yake, aliyekuwa na miaka arobaini na saba sasa, aliitwa Miwani tangu darasa la tatu, alipovalishwa miwani nene kama vitako vya chupa. Labda jina ndilo lililomvuta, maana alikua akawa mpima macho. Yeye ndiye aliyeamua baba yake ahamie kwake, baada ya mzee kuanguka bafuni mara mbili na mara zote mbili kudai kwamba alikuwa anakagua bomba.

Waliweka kiti mlangoni mwa stoo, mzee akaketi, na kazi ikaanza. Kaka anatoa, Miwani anafuta vumbi, mzee anatoa hukumu. Zikatoka taa nne za chemli na tambi zake. Misumari iliyopangwa kwa urefu ndani ya makopo ya maziwa. Viberiti ndani ya chupa zilizozibwa kwa nta. Cherehani ya mkono. Pampu ya mkono iliyopakwa grisi na kufungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga. Sanduku la miwani kuukuu thelathini na saba, ambazo Miwani mwenyewe alikuwa akimletea kutoka kazini, kwa sababu mzee alisema asiyeona hawezi kutengeneza kitu. Mbegu ndani ya majivu, kila chupa na karatasi yake. Kwa kila kimoja mzee alisema neno moja: weka.

Tatizo ni kwamba vingi vilikwisha kufa. Chumvi ilikuwa jiwe. Betri zilikuwa zimetema ute wa kijani. Dawa zilipitwa na wakati kabla watoto wa Kaka hawajazaliwa. Miwani alizigusa mbegu za mchicha, zikavunjika zikawa vumbi mkononi, naye akaifunga chupa taratibu, akairudisha sakafuni.

Mikono yake ilifanya kazi, lakini akili ilikuwa mbali. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imemrudisha kwenye Jumamosi za utotoni. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baba yao alizima swichi kuu, akafunga koki ya maji, na hadi kesho yake familia iliishi kwa mikono yake. Walijifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi, kuchuja maji kwa kitambaa, mchanga na mkaa, kushona kiatu, kurudi nyumbani kwa miguu kutoka pembe zote nne za mji bila kumuuliza mtu njia. Kaka alizichukia siku hizo kwa sababu mpira ulikuwa kwenye televisheni. Mama yao alizifanyia mzaha. Aligonga mlango wa chumbani akajifanya mgeni aliyetoka mji wa mbali, akauliza kama humu ndani bado kuna serikali. Mzee alijaribu kununa, akashindwa. Miwani alikuwa akizihesabia siku kwa hamu. Watoto walipohama, wazee waliziendeleza wawili. Mama alipofariki, miaka saba iliyopita, hakuna aliyesema Jumamosi zikome. Zilikoma zenyewe.

Na nyuma ya Jumamosi hizo kulikuwa na jambo lililozizaa, siku arobaini na moja za mwaka ule Miwani alipokuwa na miaka tisa. Mafuriko yaliangusha minara ya umeme na daraja kubwa kwa usiku mmoja. Mji ukabaki kisiwa. Hakukuwa na taa, maji, simu wala lori. Baba yao alikwenda kituoni akaishi huko, akirudi mara moja moja kubadilisha shati. Watu wazima bila shaka waliteseka. Lakini Miwani, Mungu amsamehe, alikumbuka raha tupu. Shule ilifungwa. Mtaa mzima ulipika chungu kimoja uani kwa Mama Pacha, jirani wa mkono wa kushoto, na watoto walikula sinia moja hadi matumbo yakawa ngoma. Walipanga mstari kutoka kisimani, ndoo inapita mkono kwa mkono, na mama yake akianzisha wimbo. Tangu hapo hajawahi kuwa na watu wengi hivyo karibu naye. Kila mara maisha ya ghorofani yalipomchosha, alikimbilia kwenye kumbukumbu ya ua huo.

Saa sita ikafika, lori nusu, stoo nusu. Kaka alikuwa na safari ya mzigo siku ya pili yake, na mgongo ulimuuma. Mzee aliposema weka kwa betri ya kumi na tano, Kaka aliitupa ndani ya pipa la taka.

"Baba," alisema, na hakupaza sauti, ila ilikuwa vibaya zaidi hivyo, "umengoja miaka thelathini na minane kitu ambacho hakikuja. Sisi tuliokuja hukutungoja. Mechi yangu ya mwisho shuleni hukuja kuiona, ulikuwa humu ndani ukipanga misumari."

Miwani alimtazama kaka yake kwa jicho la kumnyamazisha, lakini maneno yalikwisha kutoka. Mzee alipapasa goti. Halafu akasema hakuwa anangoja. Kilikwisha kuja. Na kilipokuja, aliyekuwa zamuni ni yeye.

Akawaeleza, macho yake yakiwa kwenye lile pipa. Siku ya kumi na tisa ya giza lile, kituoni ilibaki jenereta moja yenye mafuta ya kubana. Bosi wake alikuwa ng'ambo ya daraja lililovunjika, kwa hiyo zamu ilikuwa yake na neno lilikuwa lake. Umeme wake ungetosha laini moja tu kwa wakati: hospitali, au pampu za maji. Watu walikuwa wameanza kunywa maji ya mitaroni, na ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeingia mitaa mitatu. Madaktari wenyewe walimtuma mtu kuomba maji. Akazipa pampu umeme tangu alfajiri hadi saa sita, kisha akageuza laini hospitali. Watu wa hospitali walikuwa wamemwambia jenereta yao ndogo ingehimili hadi hapo. Haikuhimili. Kulikuwa na mtoto njiti kwenye mashine ya joto, wa siku nne.

"Mtoto wa nani?" Miwani aliuliza, na akalijua jibu kabla hajamaliza kuuliza.

Maana maisha yake yote alikuwa amemwita jirani yao Mama Pacha na hakuwahi kujiuliza pacha wa pili yuko wapi. Alikuwapo binti mmoja tu, ambaye sasa alikuwa na watoto watatu. Watoto wa mtaa walidhani ni jina tu, kama mtu mfupi anavyoitwa Twiga.

Kaka aliketi juu ya gunia. Aliuliza kama Mama Pacha mwenyewe anajua. Mzee alisema hajui kama anajua. Alisema alikuwa amepanga kumwambia umeme ukirudi, halafu mwezi ukiisha, halafu mtoto aliyebaki akianza shule. Badala yake akanunua chumvi. Kila kitu mle ndani alikinunua ili siku nyingine asije akabaki na laini moja na mikono miwili inayoiomba. Leo anahama, na hapendi kuondoka kama mwizi.

Miwani alimshika mkono, Kaka akamshika wa pili. Hatua ishirini hadi uani kwa Mama Pacha ziliwachukua muda, kwa sababu ya magoti na kwa sababu ya mengine.

Mama Pacha alikuwa anaanua nguo. Miwani alimwamkia, akaitikia, akawavutia viti, akamtania mzee kwamba amekuja kuaga mapema ili asibebeshwe zawadi. Mzee hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti, bila kujitetea, kama mtu anayetoa ripoti ya zamu. Hata mashine ya joto hakuiruka.

Mama Pacha alikunja shuka, akalikunja tena, akaliweka kapuni.

"Shemeji," alisema, "mkeo aliniambia mwaka wa pili baada ya giza lile. Alikaa hapo ulipo. Nilikuchukia, nisikufiche. Nilikuchukia kama miaka miwili, nikikuona unapita na makopo yako natamani ujikwae. Halafu yule aliyebaki akaugua tumbo, nikamnywesha maji ya bomba, na nikafikiria ni watoto wangapi waliopona kwa maji yako yale. Nikachoka kukuchukia. Ila nilitaka uniambie wewe."

"Nimechelewa," mzee akasema.

"Umechelewa sana. Kaa sasa."

Ndipo alipoketi. Hawakukumbatiana wala kulia. Mama Pacha alileta maji, wakanywa, na baada ya muda alimtajia jina la mtoto. Mzee hakuwahi kulisikia. Alilirudia polepole, mara mbili, ili asilipoteze.

Kisha mama yule akamgeukia Miwani, akamwambia kwamba chungu kile kikubwa alichopenda kukitaja kila akija, kilianza kama chungu cha msiba. Majirani walikuja kumkalia, wakapika, na siku zilipotimia hakuna aliyekuwa na kuni za kurudi kupika peke yake. Wakabaki hadi taa zilipowaka. Alisema bila lawama, kama mtu anayesahihisha tarehe. Miwani alihisi uso unamchoma. Sinia lile, ngoma ile ya tumbo, na mama huyu alikuwa wapi? Akakumbuka mlango mmoja uani uliokuwa umefungwa daima, na watoto wakiambiwa wasicheze karibu nao.

Jioni stoo ilikuwa tupu. Vilivyokufa vilitupwa, na mzee hakubishana. Cherehani ilikwenda kwa fundi nguo wa kona, miwani zikarudi kazini kwa Miwani zigawiwe wasio na uwezo. Mama Pacha aliomba pampu, akasema kisima cha mtaa kimekuwa kikichotwa kwa kamba kama enzi za mababu. Kaka, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona ghafla, aliifunga yeye mwenyewe, mzee akimwelekeza kaza hapa, legeza pale, na alipokosea hakuambiwa kitu.

Mzee Ikitokea aliishi kwa binti yake mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hakuweka akiba ya kitu tena. Alikaa kibarazani, akazungumza zaidi ya alivyozungumza miaka yote, hasa kuhusu mkewe.

Siku moja Miwani alipata ujasiri wa kumuuliza lililomkaa rohoni. Alimuuliza kama ni dhambi kwamba siku zile bado alizikumbuka kwa utamu, hata sasa anapojua, na kwamba angepewa nafasi angerudi japo kwa mchana mmoja.

Mzee aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa narudi kubadilisha shati," alisema, "mama yako ananipokea mlangoni, ananiambia kwa kunong'ona, futa uso kwanza, watoto wanacheza. Nafuta, ndipo naingia. Analia jikoni, anatoka anaimba. Unadhani ule wimbo wa ndoo ulikuwa wa nini? Ilikuwa kazi, mama. Tuliifanya vizuri, usituharibie."

Miwani alicheka, machozi yakimtoka chini ya miwani. Mzee akamsogezea kikombe chake, akamwambia chai imepoa, na safari hii aongeze sukari, daktari hayupo.