Vita Vilivyomnenepesha Mignonne

Ieleweke mapema kwamba Mignonne hakuwa mwongo. Alikuwa mtunza-ukweli: aliuweka mahali pazuri na kuutoa siku ulipohitajika. Masista wa shule yake ya bweni, huko Ubelgiji, upande wa Namur, hawakuwahi kuielewa tofauti hiyo, na ndiyo maana msichana huyu wa miaka kumi na sita alikuwa ameosha sufuria nyingi za adhabu kuliko mpishi wa shule mwenyewe.

Kila Ijumaa alipanda treni kurudi nyumbani Brussels, na Brussels kulikuwa na vita.

Vita vyenyewe vilianza kwenye sherehe ya komunyo, katika ukumbi mmoja wa Matonge, mtaa wa Wakongo. Tantine Rolande, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri akiupikia ukumbi mzima. Papa Jean-Baptiste akapewa maikrofoni, micro kama wanavyoiita, atoe neno la shukrani. Badala yake akatangaza kwamba sombe ya dada yake, kisamvu cha kwao, leo ilikuwa kavu kiasi cha kuhitaji viza ili ivuke koo. Ukumbi ukaangua kicheko. Rolande akaweka mwiko chini.

"Jean-Baptiste," alisema mbele ya wote, "kuanzia leo hutakula tena ku mukono yangu."

Mtu mwenye busara angeomba radhi palepale. Papa, ambaye hutengeneza lifti za watu lakini mwenyewe hajui kushuka, akajibu: "Bon. Bruxelles iko na restaurants mingi."

Basi ikambidi alithibitishe neno lake. Kila Jumamosi alimchukua Mignonne wakaingia mgahawa ambao hawajawahi kuukanyaga. Alichagua Asia, bara pekee lililoutosha ukubwa wa hasira yake. Walianza na supu ya Wavietnamu karibu na stesheni ya Gare du Midi, bakuli pana kama beseni la kunawia, majani mabichi yakielea juu. Wakaenda kwa Wathai, ambao kuku wao alikuwa mtamu, mchungu na mkali kwa pamoja, kama mwalimu mkuu. Wakaenda kwa Wahindi wa kusini, wakaletewa chapati nyembamba ndefu kama mkono wa Papa. Kwa Wajapani, visahani vilipita mbele yao juu ya mkanda, na Papa akavisindikiza kwa macho hadi vikarudi mara ya pili, ndipo akaamini kwamba vimeruhusiwa kukamatwa.

Jumapili baada ya misa ilikuwa zamu ya Tantine. Alimuuliza Mignonne huku akiwa ameligeuzia jiko uso: "Hiyo jana mulikula nini?"

"Samaki, tantine. Mubichi."

"Mubichi! Na batamupika lini?"

"Iko tayari, tantine. Ni vile banakulaka."

Tantine alisonya, kisha, ili kuonyesha mataifa, akaongeza kuku juu ya maharage na makayabu, samaki wa chumvi, juu ya kuku.

Wanasema wapiganapo tembo wawili, nyasi ndiyo huumia. Nyasi hii ilinenepa hadi ikabadilishiwa sketi ya sare. Mignonne hakuwa mkosefu wa shukrani. Kila usiku bwenini alimshukuru Mungu kwa Jumamosi, akamshukuru kwa Jumapili na, Mungu amsamehe, akavishukuru na vita vyenyewe.

Aliona mambo, hata hivyo. Aliona kwamba Papa alisifu kila sahani kwa sauti ya kusikika meza ya tatu, lakini hakumaliza hata moja. Njiani kurudi aliuliza daima, kama mtu anayeulizia mvua ya nchi za nje: "Na tantine yako, kesho atapika nini?"

Kisha Jumapili moja alikuta maboksi kwenye korido ya Tantine.

"Nimepata kazi Liège," Rolande alisema. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee, na huko Liège walimtaka awe mkuu wa jikoni. "Nitasaini lundi ijayo. Huku niko napikia nani?"

Mignonne alirudisha sahanini tonge la bukari, ule ugali wao, akazihesabu siku nane zilizobaki hadi Jumatatu hiyo. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka minne, na tangu siku hiyo ni Rolande aliyemsuka nywele, aliyemtibu mafua, aliyemfundisha kusali na kuficha homa isionekane kwa daktari wa shule. Liège si mwezini. Treni hufika huko kabla hujamaliza mkate wako. Lakini mtu akiondoka na hasira, hata mtaa wa pili ni mbali.

Usiku ule Mignonne hakuvishukuru tena vita. Alilala akiangalia dari na kutafakari, kwa uzito unaostahili, habari aliyoisikia kwa mwenzake wa bwenini: karibu na Flagey umefunguliwa mgahawa wa Wakorea, mahali ambapo mteja huletewa nyama mbichi na moto, akajipikia mwenyewe mezani.

Papa hakujua kupika hata yai. Na Rolande hakuwahi, tangu kuzaliwa, kutazama nyama ikiungua akanyamaza.

Papa aliambiwa kuna mgahawa mpya. Tantine aliombwa aje wale pamoja kabla hajahama. Yote mawili yalikuwa kweli tupu.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mignonne alimketisha baba yake ndani kabisa, upande wa ukuta, yeye akakaa mwishoni mwa benchi kama kufuli. Papa alikuwa bado anayashangaa makaa katikati ya meza Rolande alipoingia akikung'uta mwavuli. Akawaona. Akasimama.

"Migno, uliniambia ni sisi wawili!"

"Nilisema tukule pamoja mbele uende, tantine. Sikutaja hesabu."

"Aende wapi?" Papa alimuuliza Mignonne, kana kwamba dada yake ni picha ukutani.

"Liège. Tantine anahama. Atasaini lundi."

Mwenye mgahawa, mama mfupi mwenye aproni nyeusi, hakuelewa neno lakini alielewa biashara. Aliweka mezani sinia la nyama iliyokatwa nyembamba, majani ya saladi na kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, akampa Papa koleo na kwenda zake. Papa aliimwaga nyama yote juu ya wavu mara moja. Kisha akaisahau. Alilishika koleo lile kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshikie.

"Liège, kufanya nini?" aliyauliza makaa.

"Kupika," Rolande aliujibu ukuta. "Kuko bantu benye banakula bila micro."

Moshi ulianza kupanda. Pua ya Rolande ilicheza. Alitazama mlango, akatazama nyama, akatazama tena mlango.

"Migno, ambia papa yako ageuze nyama."

"Papa, geuza nyama."

"Mwambie iko sawa."

"Tantine, anasema iko sawa."

"Haiko sawa! Inaungua! Muntu anamwanga nyama yote fwaa, kama anajaza mufuko ya mahindi? Leta hii kitu!"

Koti likavuliwa, kiti kikavutwa, koleo likabadilisha serikali. Rolande aliondoa vipande vilivyoungua, akavitandaza vilivyobaki kimoja kimoja kwa nafasi, akasubiri, akageuza mara moja tu. Harufu ilibadilika. Hata mwenye mgahawa aligeuka kutazama. Nyama ilipoiva Rolande alimpa Mignonne, akajipa mwenyewe, kisha mkono wake ukasita hewani. Sahani ya Papa ilikuwa tupu.

Akavisogeza vipande vitatu ukingoni mwa wavu, nchi isiyo ya mtu.

"Mimi sijamupatia muntu kitu," alitangaza. "Nyama iko ku moto. Mwenye njaa iko na macho."

"Yaya," Papa alisema. Kwao ndivyo anavyoitwa dada mkubwa, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya komunyo. "Ulisema sitakula ku mukono yako."

"Mukono. Hii ni chuma."

"Na chuma iko inashikwa na nani?"

"Jean-Baptiste, unataka kula ao unataka kuwa avocat ku mahakama?"

Papa alichukua kipande. Kilifika mdomoni, kikarudi kwenye sahani. Alikuwa hajasali, na katika familia yao hakuna anayemeza kabla ya kushukuru, wala hakuna shukrani isiyoutaja mkono uliopika. Jumamosi hizi zote alikuwa ameshukuru kwa mikono asiyoijua, iliyofichwa nyuma ya pazia za jikoni. Leo mkono wenyewe ulikuwa mbele yake, umeshika koleo.

"Mungu Baba," alianza, "asante kwa hii chakula. Asante kwa mukono yenye imeipika." Nyama ikaanza kupoa. "Mukono ya yaya Rolande. Ni yenyewe ilinipikia mahindi mu njia ya kukimbia vita kutoka Masisi, mu kopo ya maziwa. Mahindi yote ilikuwa inanipatia miye, yenyewe inabakia na maji. Nilisahau, Baba. Nilichekesha bantu juu yake. Sombe ilikuwa muzuri. Amen."

"Amen," alisema Mignonne, ambaye macho yake yalibaki wazi muda wote, kwa ajili ya usimamizi.

Rolande aligeuza kipande kisichohitaji kugeuzwa.

"Sombe ilikuwa kavu," alisema.

"Hapana, yaya..."

"Ilikuwa kavu! Mafuta iliisha, na bantu banaongezeka tu kuongezeka ku mulango. Nilijua. Lakini ungekuya kuniambia mu jikoni, mu sikio. Si mu micro, Batiste."

"Si mu micro. Pardon, yaya."

Rolande alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaulaumu moshi, ingawa moshi ulikuwa umekwisha zamani. Kisha akachukua kipande kinono kuliko vyote kwa vidole, bila chuma, akakiweka kwenye sahani ya mdogo wake. Papa alikila chote. Akala na kingine. Kwa mara ya kwanza katika Asia yote, alimaliza sahani.

"Na Liège?" aliuliza mdomo ukiwa umejaa.

"Lundi nitabaita ku telefone, nibaambie hapana. Nikienda, nani atakuchunga mbele ya moto? Utaunguza quartier, mutaa muzima."

Kisha ndugu hao wawili, kwa pamoja, kama waliohesabiwa na mwongoza kwaya, wakamgeukia Mignonne.

"Na weye!"

Alikuwa mutoto wa uongo. Alikuwa fitina yenye kusukwa nywele. Mmoja alianza sentensi, mwingine akaimaliza. Papa alileta kosa, Tantine akaleta mwaka lilipotendeka. Mignonne aliinamisha kichwa na kuweka mikono magotini, kama alivyofundishwa na masista. Alikuwa amekaripiwa na mabingwa, lakini hakuwahi kusikia karipio zuri namna ile, lenye sauti mbili. Alimshukuru Mungu kwa kila neno, moja baada ya jingine, asiache hata lile la "mulozi mudogo", yaani mchawi mdogo.

Papa aliponyamaza kuvuta pumzi, Mignonne aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa kama ingewezekana waendelee baada ya sinia la pili. Rolande alikuwa ameshainua mkono kumwita mwenye mgahawa.