Alichosema Kaka kwenye Filamu Bubu

Fundi cherehani alikuwa ameacha kwenda sinema zamani, na si kwa kuichoka. Homa ya utotoni ilimchukulia masikio, akabaki anasoma midomo ya watu. Filamu za kale zilimfaa: mwigizaji alikugeukia, akasema neno lake mpaka mwisho. Za siku hizi, alilalamika, watu wanasemeshana wamepeana visogo, na picha inaruka kabla hujapepesa jicho.

Alasiri hiyo aliitwa nyumbani kwa marehemu kaka yake, aliyekuwa mwendesha mashine wa sinema. Jengo la sinema lilipobomolewa, kopo la mkanda lilikutwa darini. Binti wa marehemu, ambaye kazi yake ni kuhariri picha za televisheni, akausafisha. Ndani yake alikuwamo baba yake, angali kijana, amesimama mlangoni pa sinema, anasema. Sauti hakuna, kamera ya mwenye sinema haikunasa sauti.

"Baba mdogo, kaa hapa mbele."

"Safu ya mbele, kama zamani. Ila kiingilio sitoi!"

Shemeji yake, mjane wa marehemu, hakucheka. Alimgeukia ili fundi aione midomo yake vizuri.

"Shemeji, siku ile nilisimama kando ya kamera. Alikuwa anasema na mimi. Mwezi haukuisha, tukamzika. Maneno nimeyasahau, na sauti yake imenipotea. Niambie alisema nini. Usinifiche."

Binti akawasha televisheni. Kaka akatokea, kakunja uso kwa jua, midomo inacheza. Fundi akaomba irudiwe, kisha irudiwe tena, ingawa alikuwa ameshaelewa tangu mara ya kwanza.

Alimtazama shemeji yake. Amevaa nguo ya kutokea, roho juu. Neno moja tamu lingemtosha, na hapana mtu ambaye angelipinga. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini kaka yake hakuwa mtu wa maneno hayo, na kumtilia mdomoni maneno ya waigizaji kungekuwa kumzika mara ya pili.

"Anasema," akaanza, kwa sauti yake nzito isiyojua kipimo, "'We mama, funguo za chumba cha mashine umeziweka wapi? Watu wanangoja.'"

"Basi?" binti akauliza.

"Basi."

"Jamani, Baba mdogo! Hata neno moja la maana?"

Mama mtu alisogea mpaka karibu na televisheni.

"Zimo mfukoni mwako," akaiambia picha. "Kila siku zimo mfukoni mwako, na kila siku unaniuliza mimi." Akageuka, machozi yanamtiririka. "Nimemsikia. Haki ya Mungu, nimemsikia!"

Fundi aliyaona maneno hayo midomoni mwake. Yeye sauti ya kaka yake hakuikumbuka kabisa. Ilimtoka pamoja na masikio.

"Ikoje, shemeji?" akauliza.

Shemeji alijifuta machozi.

"Kama ya mtu anayegomba," akasema taratibu, "huku anajizuia kucheka."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaomba picha irudiwe. Safari hii hakuitazama midomo.