Achari Isiyoonjwa

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nywele moja kwenye sahani inaninyima chakula mpaka kesho yake, na mtu akipenga kamasi karibu yangu nahama kiti. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa nyumba hii wanadhani kinyaa ni chao peke yao, wamezaliwa nacho, na sisi wengine tunabwia tu kama bata.

Nyumba yenyewe ni ya wakwe zangu, hapa Sirsi, kusini mwa India, ndani ya shamba la mipopoo. Ni watu wa hekalu. Nyama hawaijui, samaki hawamtaji, yai wakiliona dukani wanageuza uso. Baba yangu mimi aliuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, sokoni Kumta. Shripad aliniona pale pale mezani pa ng'onda, akanipenda, akanioa kwa ubishi, na ushujaa wake wote ukaishia siku ile. Miaka ishirini na miwili sijatia samaki mdomoni. Naoga alfajiri kabla sijagusa sufuria. Na bado nikipita, mama mkwe wangu Bhagirathi anavuta pumzi puani kama mtu anayetafuta panya aliyefia darini.

"Binti Ng'onda, simama upande ule, upepo unakuja huku." Ndivyo anavyosema. Jina langu ni Nagaveni.

Jikoni tuligawana kazi, au niseme yeye aligawa. Kukata, kumenya, kusaga na kukuna nazi ni mimi. Chumvi na limau ni yeye, wala hakuna mwingine. Chakula kinakuwa chakula pale kinapotiwa chumvi na limau, alisema, na hapo mkono wa samaki haupiti. Kuonja ndiyo usitaje kabisa. Chakula kinapelekwa kwanza mbele ya miungu, kisha ndipo binadamu tunakula. Kijiko kikipita mdomoni kabla ya hapo, sufuria nzima ni najisi na inamwagiwa ng'ombe. Miaka sitini alitia chumvi kwa jicho tu, na haki ya Mungu, alikuwa hakosei.

Wali wake wa limau nilijifunza kwa kuchungulia mlangoni. Anapasua haradali kwenye mafuta, anatupia karanga, pilipili kavu, majani ya bizari na manjano, anamwaga humo wali uliopoa, halafu anaepua ndipo anakamua limau, maana limau likiungua linakuwa chungu. Kitu rahisi hivyo. Lakini ukiula, unasahau kwamba aliyeupika hakupendi.

Basi mwaka huu mambo yakaanza kwenda kombo. Wali wa limau ukaja mezani hauna limau. Mchuzi wa dengu ukaja na chumvi ya watu kumi. Kila mara macho yakanigeukia mimi.

"Umegusa?" anauliza mama mkwe.

"Sijagusa, Mama."

"Basi umepumua."

Wifi yangu Sumangala, anayekaa Hubballi na kutawala nyumba hii kwa simu, akasikia. Wiki hiyo hiyo akawa amempata mpishi, mjane mmoja wa ukoo wao anayeitwa Parvati, mikono safi, asili safi. Shripad ndiye aliyetumwa kuniambia. Alikuja na maneno akiwa anaangalia kucha zake.

"Mama amesema kikiharibika kitu kingine kimoja, Parvati atashika jiko. Wewe utapikia kwenye banda la nyuma. Chako mwenyewe."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema nitakwambia."

Banda la nyuma tunaweka makapi ya popoo na majembe. Mwanamke akitolewa jikoni kwenye nyumba kama hii anabaki mpangaji tu, hata awe na watoto saba. Mimi watoto sina. Jiko ndilo nililokuwa nalo, nusu yake, ile nusu ya kukatakata, na nusu hiyo niliipenda.

Kitu kimoja kilichobaki cha kunihukumu kilikuwa mtungi wa achari. Wakati wa baridi tulichuma malimau sitini. Niliyaosha, nikayafuta moja moja kwa kitambaa, maana tone moja la maji linaozesha mtungi mzima, nikayaanika kwenye mkeka, nikayakata vipande vinane vinane. Kisha nikaambiwa nitoke. Mama mkwe akafunga mlango, akabaki na malimau, pilipili, haradali, uwatu na kifuko cha chumvi ya mawe. Alipofungua, mtungi ulikuwa umeshafungwa kitambaa cheupe mdomoni. Ukapanda rafu ya juu, na pale haukuguswa na mtu hadi Ugadi, mwaka mpya wetu, siku ya kuufungua.

Siku ya Ugadi wifi akafika na mabegi matatu. Parvati alikuwa naye, amekaa kando na kifurushi chake magotini, mwanamke mwembamba asiyeinua macho. Nikaelewa kwamba wamekuja tayari. Shripad aliushusha mtungi, mama mkwe akafungua kamba, akavuta kitambaa.

Harufu ilitangulia. Ilikuwa ya limau kwa mbali, na karibu yake kitu kama soksi iliyosahauliwa kwenye ndoo. Juu ya achari kulikuwa na manyoya. Sitanii, manyoya, meupe pembeni na ya kijani katikati, na chini ya manyoya utelezi unaovutika kama makamasi. Mama mkwe alipotia upawa, kitu cheupe kidogo kikajikunja kwenye ukingo. Funza. Mate ya chumvi yakanijaa mdomoni na nikashika ukuta.

Wifi akaziba pua kwa upindo wa sari. "Mmeona? Mmeona nilichosema?"

"Ni mkono wake," akasema mama mkwe. "Malimau aliyakata yeye. Miaka sitini mtungi wangu haujaota kuvu."

"Niliyafuta moja moja, Mama. Ulikuwa umekaa pale, ukiniangalia."

"Maji ulifuta. Asili inafutwa na kitambaa gani?"

Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anauangalia mtungi kwa makini sana, kama anayesoma gazeti. Nasema kweli, kinyaa nilichokuwa nacho kwa ule utelezi kilikuwa kidogo kuliko nilichokipata pale kwa yule mwanamume.

Sijui nilipata wapi roho. Nilitia vidole mtungini, mbele yao wote, kabla miungu haijapewa, nikatoa kipande. Nikakikwangua manyoya kwa ukucha wa dole gumba. Nikakitia mdomoni na kutafuna. Kililainika vibaya, kikateleza kwenye ufizi, kuvu ikanikwama kwenye kaakaa kama vumbi la godoro. Nikatafuna tena, maana nilikuwa natafuta kitu kimoja tu. Ukali ulikuwepo, uchungu ulikuwepo, pilipili ilikuwepo.

Nikatema kiganjani. "Haina chumvi. Hata punje moja. Malimau sitini hayakutiwa chumvi ndiyo maana yameoza."

"Mwongo," akasema wifi. "Mama asahau chumvi?"

"Onja basi, wifi."

"Nionje uchafu uliotiwa vidole vyako?"

"Shripad, onja wewe."

Shripad akarudi nyuma hatua moja.

Hapo mama mkwe akanyoosha mkono. Mwanamke ambaye tangu alipoolewa hakuwahi kuonja hata maji ya wali akachukua kipande, hakukikwangua, akakitia mdomoni na manyoya yake. Meno yake ni machache, kwa hiyo alikimumunya. Nilikuwa namwangalia usoni, na niliona alipojua. Macho yalimwenda kwenye rafu ya chini, nyuma ya pipa la mchele, na mimi nikafuata macho yake. Kifuko cha chumvi ya mawe kilikuwa pale, kimefungwa, kimejaa, kimekuwa jiwe moja kwa unyevu. Wengine hawakukiona. Akameza. Akameza kuvu, utelezi na vyote vilivyokuwemo.

"Chumvi ipo," akasema. "Ya kutosha."

Ningeweza kukivuta kile kifuko nikakiweka katikati ya jiko. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya. Sikumhurumia, msinipambe. Nilitaka tu kutoka mle ndani nikatapike, na nilipomaliza kutapika nyuma ya migomba, Parvati alikuwa ameshafunga upindo wake kiunoni na anasugua sufuria zangu.

Nikahamia banda la nyuma. Nikafagia makapi, nikaweka mafiga matatu. Nilijipikia wali wa limau kama nilivyouchungulia, nikautia chumvi mwenyewe, nikauonja ukiwa bado motoni mara nne, mara tano, kwa jeuri tu. Ulikuwa mzuri. Nilikula peke yangu nikiwatazama kunguru.

Siku ya tisa ilikuwa sikukuu ya mungu Rama. Majirani wote huja kwetu siku hiyo kunywa sharubati ya limau yenye sukari guru na tangawizi, na kula kachumbari ya choroko zilizolowekwa, yenye tango, nazi na limau. Wifi alikuwa bado hajaondoka. Kabla ya saa sita nikasikia miguu ikikokota nje ya banda. Alikuwa mama mkwe, ameficha bakuli chini ya upindo wa sari. Hakuwahi kufika bandani kwangu. Aliangalia nyuma, akaingia, akachutama mbele yangu.

"Onja," akasema.

"Mimi, Mama?"

"Mdomo wako ulishakula samaki. Wewe huna cha kupoteza." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza njia. "Parvati nikimwambia aonje atajua. Sumangala atajua. Nitawekwa kitandani nilishwe kwa kijiko. Nimetia chumvi, halafu sikumbuki kama nimetia. Onja uniambie. Hii nimeitenga kando, miungu haitajua."

Akanidondoshea kiganjani kutoka juu, asiniguse. Choroko, tango, nazi, limau. Nikatia mdomoni.

Chumvi ilinichoma ulimi. Alikuwa ametia, akasahau, akatia, akasahau, labda mara tatu, labda nne. Kachumbari ile isingeliwa hata na mbuzi. Nilitaka kutema, nikajizuia, nikatafuna taratibu huku nikimwangalia. Alikuwa amefunua mdomo kidogo kama mtoto anayengoja jibu la mwalimu. Kwenye pembe ya midomo yake kulikuwa na mate yamekauka, meupe. Nikawaza: kachumbari hii ikienda mbele za watu, nani atasemwa? Mimi niko bandani. Mkono ulioko jikoni sasa ni wa mwingine.

Nikameza.

"Chumvi ipo, Mama," nikasema. "Ya kutosha."

Alitabasamu. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuona meno yake yakinielekea mimi. Akaweka mkono wake kichwani kwangu, mkono mzima, juu ya nywele zangu, akauacha pale.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Akainuka kwa kushikilia bega langu, akaenda na bakuli lake. Ilikuwa hatua arobaini kutoka bandani hadi mlango wa jikoni. Nilizisikia zote. Ningeweza kumwita kwenye ya kumi, kwenye ya ishirini, hata alipokuwa anavua ndala mlangoni.

Baada ya nusu saa nikasikia watu wakikohoa. Mtu mmoja akatema uani. Kisha ikaja sauti ya wifi, kali, "Parvati, umetia nini humu?" na sauti ya Parvati, ndogo, ikisema yeye hakugusa, alikata matango tu, aliyafuta moja moja. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, imara, haina hata mtetemo.

"Ni mkono wake."

Jioni Parvati alipita mbele ya banda na kifurushi chake, akiwa haangalii mtu. Shripad akaja nyuma yake. Alisimama nje, akiangalia kucha zake.

"Mama anasema urudi jikoni," akasema. "Anasema utaonja. Kwa siri, lakini."

Nilichukua kitambaa changu nikamfuata. Njiani nilinawa mdomo kwenye mfereji, nikasugua meno kwa chumvi, kisha kwa limau, nikanawa tena. Haikusaidia.