Chuma Nyuma ya Visigino

"Kata hapa, fundi. Juu ya vifundo."

Okidi alikuwa ametengeneza fremu za picha mtaani Nakivubo miaka thelathini, na hakuwahi kuombwa kumkata mtu miguu.

"Hajati, ukimkata miguu ataonekana anaelea."

"Aelee. Bora kuelea kuliko pingu."

Mwanamke wa pichani alikuwa mama wa bibi yake Hajati Habibah, mke wa askari Mnubi, aliyepigwa picha mwaka 1897. Amesimama wima, uso mkavu. Nyuma ya visigino vyake vimechomoza vyuma viwili vyeusi. Jafar, mdogo wake Habibah, alivikuza kwenye simu akautangazia ukoo mzima: bibi yetu alikuwa mtumwa, tazameni minyororo. Jumapili mjukuu wao Sumayiya anaolewa. Habibah alitaka picha ikae ukutani, lakini bila aibu.

Okidi hakuvuka darasa la tano, ila chuma kile alikijua. Alikwenda nyuma ya duka, akaondoa makoti yaliyotundikwa, akarudi anaburuta mlingoti wa chuma wenye miguu mitatu na kibano juu. Aliachiwa na mzee wa studio aliyemfundisha kazi.

"Simama hapa, unipe mgongo."

"Unataka kuninyonga?"

"Kamera za zamani zilichelewa kunasa. Ukitikisika, uso unakuwa moshi. Kwa hiyo walikushika kisogo." Akabana. "Sasa cheka."

Habibah alijaribu. Midomo ilikataa.

"Kinauma, kijana wewe."

Okidi akaegemeza kioo cha kujitazamia mbele yake. "Tazama miguu yako."

Alishusha macho tu, maana kichwa hakikushuka. Kwenye kioo, nyuma ya visigino vyake mwenyewe vilichomoza vyuma viwili, kimoja kila upande, sawasawa na vya pichani.

"Na sisi siku zote tunasema alikuwa mkali," alinong'ona.

"Alikuwa amebanwa shingo."

Okidi alimfungua. Habibah akasugua kisogo, akaishika picha kwa mikono miwili.

"Basi hakuwa mtumwa."

Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi, na mama wa watu angekwenda zake akifurahi. Okidi alikohoa.

"Hilo sijui, Hajati. Chuma ni cha mpiga picha. Mengine chuma hakinisimulii."

 Habibah akaiweka picha juu ya meza, polepole, kama anayemlaza mtoto.

"Hata kama alikuwa, hakujifunga mwenyewe. Mweke mzima, na miguu yake."

"Na Jafar?"

"Jafar nitakuletea. Umbane mpaka acheke."